Mke aina ya 1, mume aina ya 2: majibu ya hepesi si ushahidi wa uzinzi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nijibu sehemu moja ya safu ya ushauri wa ndoa iliyochapishwa wiki mbili zilizopita. Msomaji aliuliza afanye nini baada ya yeye na mumewe kupimwa hepesi, yaani malengelenge ya sehemu za siri, na kukuta majibu yao hayafanani: yeye ana aina ya 1, mume ana aina ya 2. Mshauri alimjibu kwa mistari michache kwamba aina ya 1 ni ya mdomoni na aina ya 2 ni ya sehemu za siri, na kwamba mke na mume waaminifu hawawezi kukutwa na aina mbili tofauti. Sina ugomvi na mshauri huyo, ambaye kuhusu fedha na malezi huniambia mengi ya maana, lakini katika hili amekosea mara mbili ndani ya jibu moja fupi, na kosa la namna hiyo huvunja nyumba. Nasema hivyo kwa sababu nusura livunje yangu.

Mimi si daktari. Ni mwalimu, na niliyoyaandika hapa nimeyajua kwa kuugua, kuuliza na kusoma. Katika mwaka wa sita wa ndoa yetu nilipatwa na homa, viungo vikaniuma, mitoki ikanivimba kinenani, na siku mbili baadaye vikatoka vidonda vidogovidogo vilivyonichonyota kiasi kwamba kwenda haja ndogo nilikuwa nakuahirisha mpaka nishindwe. Kituo cha kwanza nilichokwenda sikupimwa chochote. Mhudumu alitazama mara moja, akaandika neno "hepesi" kwenye karatasi kwa kalamu ya bluu, akalipigia mstari chini, kisha akanipa vidonge na kuniambia, "Mama, haya mengine kamuulize mumeo." Karatasi ile niliikunja mara nne nikaitia kwenye pochi, nayo ikanikaa rohoni kama hati ya mashtaka. Dada yangu mkubwa, ambaye ndiye pekee niliyemweleza, aliniambia nirudi nyumbani kwanza, maswali yatafuata baadaye.

Mume wangu aliapa kwamba hajatoka nje ya ndoa. Sikumwamini, na sioni aibu kukiri hivyo, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amenieleza jambo ambalo lilipaswa kuwa la kwanza kuelezwa: kwamba hepesi ni jina moja la virusi viwili vilivyo ndugu, vinavyoandikwa kwenye karatasi za maabara HSV-1 na HSV-2, na kwamba vyote viwili huweza kukaa sehemu za siri.

Namna vinavyoishi mwilini ndiyo inayofungua fumbo zima. Virusi hivi huingia kupitia ngozi laini au mchubuko usioonekana, vikapanda kwa njia ya neva hadi kwenye fundo la neva, na huko hulala maisha yote ya mtu. Vilivyoingilia mdomoni hulala kwenye fundo lililo karibu na sikio. Vilivyoingilia sehemu za siri hulala chini kabisa, pembeni mwa uti wa mgongo. Mara kwa mara huamka, vikashuka kwa njia ileile na kutokea kwenye ngozi, pengine kwa vidonda na pengine bila dalili yoyote. Aina ya 1 hustawi zaidi kwenye neva za uso na aina ya 2 hustawi zaidi kwenye neva za chini, na hapo ndipo ilipozaliwa ile kanuni ya "hii ya mdomo, ile ya siri". Lakini kustawi zaidi mahali fulani si kufungiwa hapo. Mwenye aina ya 1 mdomoni huweza kumwambukiza mwenza wake sehemu za siri kwa ngono ya mdomo, nayo ikishafika huko inakuwa hepesi ya sehemu za siri kamili, yenye vidonda na maumivu yaleyale. Aina ya 2 kukaa mdomoni ni jambo la nadra zaidi.

Sasa tujiulize aina ya 1 watu huipata wapi. Makadirio ya Shirika la Afya Duniani kwa mwaka 2020 yanasema watu wapatao bilioni 3.8 walio chini ya umri wa miaka 50, sawa na asilimia 64, wanayo, na wengi wao waliipata utotoni kwa busu la mzazi, la bibi au la yeyote aliyembeba mtoto huku akiwa na virusi mdomoni. Aina ya 2, ambayo kwa kawaida huambukizwa kwa kujamiiana, ilikadiriwa kuwamo miilini mwa watu milioni 520 wenye umri wa miaka 15 hadi 49. Vile vidonda vya pembeni mwa mdomo ambavyo watu huviona wakaishia kusema "homa imemtokea mdomoni" mara nyingi ni hepesi hiyohiyo ya aina ya 1. Sijapata kusikia mtoto wa miaka mitano akituhumiwa uzinzi kwa sababu mdomo wake umetoka vidonda, lakini virusi vyake vikimfuata ukubwani mpaka chumbani kwa ndoa yake, ghafla vinageuzwa ushahidi.

Hospitali ya pili ilinitendea haki. Daktari alichukua majimaji ya kidonda kwa kijiti chenye pamba, akanieleza kwamba hicho ndicho kipimo cha kuaminika zaidi kwa sababu kinatafuta virusi vyenyewe pale vilipo na kutaja aina yake, na kwamba kinafaa kufanywa vidonda vikiwa vibichi, kwa kuwa kidonda kilichoanza kukauka huweza kutoa jibu la kukosa. Siku hiyohiyo alinitoa damu. Majibu yalikuja hivi: kidonda kina aina ya 1, damu haina kingamwili, yaani zile kinga ambazo mwili hutengeneza kupambana na virusi, za aina ya 1 wala za aina ya 2. Maana yake, alisema, ni kwamba haya ni maambukizi mapya, mwili haujapata hata muda wa kutengeneza kingamwili zake.

Niliposikia neno "mapya" nilidhani kesi imekwisha na mshtakiwa ametiwa hatiani. Daktari aliniacha nilie, kisha akauliza swali moja tu: "Mume wako huwa anatokwa na vidonda mdomoni?"

Alikuwa navyo tangu ninamfahamu. Kila akipata mafua makali au akishinda juani, mdomo wa juu upande wa kushoto humwasha, kesho yake panavimba, keshokutwa pana kidonda, naye hupaka mafuta ya mgando na kuendelea na shughuli zake. Mama yake amenisimulia kwamba ilianza kabla hajaingia darasa la kwanza. Wiki ile kabla sijaugua nilimwona akijikuna mahali palepale mbele ya kioo, na kidonda hakikutoka. Hapakuhitajika mtu wa tatu. Virusi vilivyoniangusha vilikuwa ndani ya nyumba tangu siku ya harusi, mdomoni mwa mtu niliyekuwa nambusu kila siku, na mimi nilikuwa mmoja wa wale wachache waliofika utu uzima bila kuvipata.

Barua hii ingeishia hapo, Ndugu Mhariri, kama mume wangu naye asingepimwa. Alipimwa kwa hiari yake, nadhani akitaka kujisafisha. Damu yake ilikutwa na kingamwili za aina ya 1, kama tulivyotarajia, na pia za aina ya 2, jambo ambalo hakulitarajia hata kidogo kwa kuwa hajawahi kuona kidonda sehemu za siri maishani mwake. Kipimo chake cha aina ya 2 kilikuwa cha kiwango cha chini, na daktari alikataa kukitolea hukumu mpaka kirudiwe kwa njia nyingine, akisema kwamba vipimo vya damu vya hepesi vinajulikana kwa kutoa majibu ya uongo pale kiwango kinapokuwa kidogo. Kilirudiwa, kikathibitishwa.

Usiku ule tulikaa mezani, karatasi yangu upande huu na yake upande ule, na mazungumzo yakaanza kwenda kulekule ambako safu yako imempeleka yule msomaji. Aina mbili, watu wawili, nani alitoka? Lakini tayari tulikuwa tunajua mambo mawili yaliyotuzuia. Kwanza, watu wengi wenye aina ya 2 hawajui kwamba wanayo, ama kwa sababu hawajapata dalili yoyote, ama walipata mwasho mdogo wakauita upele au fangasi. Pili, kingamwili zikishajengeka hazisemi zilianza mwaka gani. Mume wangu alikuwa na maisha kabla yangu, na mimi pia, na hilo hatukuwahi kufichana. Aina ya 2 inaweza kuwa imekaa naye miaka kumi ikiwa kimya. Vilevile, mtu akitokwa na vidonda kwa mara ya kwanza katika mwaka wa kumi wa ndoa, vidonda hivyo havithibitishi kwamba ameambukizwa juzi.

Sisemi kwamba hakuna wanaokosa uaminifu. Wapo, na wengine hupata hepesi hukohuko. Ninachosema ni kwamba karatasi ya maabara haiwezi kuwa shahidi wa upande wowote. Haimtii mtu hatiani, na pia haimsafishi. Anayetaka kujua kama mwenza wake ni mwaminifu itambidi atafute njia nyingine, tena ile ngumu ya kuulizana na kusikilizana.

Kuna kosa la pili ambalo sisi wenyewe tulilifanya, na naona wenza wengi watalifanya wakishavuka lile la tuhuma. Tulipotulia, mume wangu alisema kwa faraja ya kweli, "Basi wote tunayo, hakuna tena wa kumlinda mwenzake." Nami niliafiki. Daktari alipotusikia alitikisa kichwa. Kama wote wawili tungekuwa na aina ileile, maneno yale yangekuwa karibu na ukweli, kwa sababu wenza wenye aina moja kwa kawaida hawaambukizani upya wala kuongezeana vidonda. Lakini mimi nilikuwa na aina ya 1 peke yake. Kinga ya aina ya 1 hupunguza ukali wa shambulio la kwanza la aina ya 2, lakini haizuii mlango. Kwa hiyo, baada ya kuugua vile, bado nilikuwa katika hatari ya kupata aina ya pili kutoka kwa mume wangu, na tungeendelea kuamini kwamba jambo limekwisha.

Tofauti hiyo ina uzito, kwa sababu aina hizi mbili hazisumbui sawasawa zikiwa sehemu za siri. Mwenye aina ya 1 huko chini, baada ya shambulio la kwanza, mara nyingi hupata vidonda tena mara moja hivi katika mwaka wa kwanza, na wengine hawavioni tena. Mwenye aina ya 2 huweza kuvipata mara nne au zaidi katika kipindi hichohicho. Ukimya wake nao hutofautiana. Utafiti uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2022 uliwafuatilia watu waliopata hepesi ya aina ya 1 sehemu za siri kwa mara ya kwanza, ukakuta virusi vikionekana kwenye ngozi katika asilimia 12 ya siku miezi miwili baada ya kuugua, na katika asilimia 7 ya siku kufikia mwezi wa 11. Kwa aina ya 2, utafiti wa mwaka 2011 ulikuta asilimia 20 ya siku kwa wenye historia ya vidonda, na asilimia 10 kwa wasiowahi kuwa na dalili. Mume wangu yumo katika kundi hili la mwisho: hana kidonda, hana mwasho, na bado yapo masiku ambayo virusi vipo juu ya ngozi yake. Maambukizi mengi hutokea katika masiku kama hayo, si wakati wa vidonda, ambapo watu wenyewe hujiepusha.

Pana nafuu pia, na ni haki wasomaji waijue. Mwaka 2004 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliohusisha jozi 1,484 za wenza, mmoja akiwa na aina ya 2 na mwenzake hana. Wale ambao mwenye virusi alimeza miligramu 500 za valasikloviri, dawa ya kudhibiti virusi vya hepesi, kila siku kwa miezi minane, maambukizi kwa wenza wao yalikuwa asilimia 1.9, waliopewa kidonge kisicho na dawa, asilimia 3.6. Hatari imepungua karibu nusu, ingawa haikuondoka. Kondomu nayo hupunguza, lakini haifuniki ngozi yote ambako virusi huweza kutokea. Lakini angalieni jambo hili: utafiti huo ulihusu aina ya 2. Mwenye aina ya 1 anayemeza vidonge kila siku akiamini anamkinga mwenzake kwa kiwango kilekile anakopa takwimu za ugonjwa mwingine. Bila kujua aina, mtu hawezi kujua hata dawa anameza kwa matumaini gani.

Kwetu sisi jambo lililokuwa zito kuliko yote ni mtoto. Tulikuwa tumepanga wa pili, na nilikuwa nimeanza kuogopa kwamba hepesi yangu ya aina ya 1 imefunga mlango huo. Haikufunga. Mama mwenye hepesi ya siku nyingi tayari ana kingamwili ambazo humpitishia mtoto tumboni, na hatari ya mtoto kuambukizwa wakati wa kuzaliwa ni chini ya asilimia 1. Kinachotisha ni mama kupata maambukizi mapya mwishoni mwa ujauzito, kabla mwili haujajenga kinga ya kumpa mtoto. Hapo hatari hupanda hadi kati ya asilimia 30 na 50, na hepesi ya kichanga huua au humwacha mtoto na ulemavu. Kwa hiyo adui wangu hakuwa aina ya 1 niliyokuwa nayo. Alikuwa aina ya 2 ambayo sikuwa nayo, iliyolala upande wa pili wa kitanda. Mume wangu alianza kumeza dawa kila siku kabla sijashika mimba, na miezi mitatu ya mwisho hatukukutana kabisa. Nilipoanza uchungu mkunga alinikagua kama kuna kidonda, kwa kuwa kingekuwapo ningepelekwa upasuaji. Hakikuwapo. Baba mtu, kwa upande wake, alipopata ule mwasho wa mdomo wiki ya pili baada ya kujifungua, alimbeba mtoto siku kumi bila kumbusu, akigeuza uso kila mtoto alipomsogelea shavuni. Ilikuwa inachekesha kumtazama, na alikuwa sahihi kabisa, kwa sababu kidonda cha mdomo cha aina ya 1 ni hatari vilevile kwa kichanga.

Nirudi kwa msomaji wako, kwa kuwa barua hii ni yake zaidi kuliko ya mshauri. Kama majibu yao ni ya damu pekee, basi hata hawajajua kilicho sehemu za siri. Kingamwili za aina ya 1 katika damu yake hazisemi kama virusi viko mdomoni au chini; huenda amekuwa navyo mdomoni tangu utoto bila kujua, na hepesi ya sehemu za siri hana kabisa. Kama wakati wowote atatokwa na kidonda, awahi kuchukuliwa majimaji siku ya kwanza au ya pili. Kama majibu ya mume ya aina ya 2 ni ya kiwango cha chini, yathibitishwe kwa njia nyingine kabla ya lolote. Kama walipimwa muda mfupi baada ya jambo wanalolishuku, wajue kingamwili huweza kuchukua wiki 12 au zaidi kuonekana, kwa hiyo wakapime tena. Na wakipewa kipimo kinachoitwa IgM wakaambiwa ndicho kinachoonyesha maambukizi mapya, wakikatae kwa adabu, maana hakitofautishi aina vizuri, na huweza kuonekana tena hata kwa mtu aliyeambukizwa zamani.

Kuhusu sahani, vikombe na choo, ambavyo baadhi ya ndugu zangu walianza kunitengea, sitapoteza nafasi yako: hepesi huambukizwa kwa kugusana ngozi kwa ngozi.

Ombi langu kwako, Ndugu Mhariri, ni dogo. Gazeti lako lina desturi nzuri ya kuchapisha masahihisho pale linapokosea jina la mtu au tarakimu ya bajeti. Naomba sentensi ile isemayo kwamba wenza waaminifu hawawezi kuwa na aina mbili tofauti za hepesi isahihishwe kwenye safu ileile iliyoichapisha, kwa herufi za ukubwa uleule, kwa sababu yule mama aliyeuliza anafungua ukurasa ule, na huenda hausomi huu wa barua. Aliandika kwamba ameshawaambia wazazi wake watarajie ugeni wake mwisho wa mwezi.

Wako katika usomaji,

Mwalimu na mama wa watoto wawili
(Jina na anwani vimehifadhiwa na mhariri kwa ombi la mwandishi)